Vichaka vimejiotea uani, Malindi: vipi ni vya kuliwa?

BintiMuyeye: Hamjambo wenzangu. Nyuma ya nyumba, pale ukutani ndege wanapopenda kutua, kuna vichaka vitatu ambavyo hakuna aliyevipanda. Mume wangu ataka vifyekwe vyote. Mimi nasema tuvijue kwanza, maana watoto washaanza kuvizia vitunda.

Cha kwanza kiko magotini tu. Majani ya mviringo, juu yang'aa, chini meupe kama yamepakwa unga. Miba iko miwilimiwili, mmoja umenyooka, mwenzake umepinda.

Cha pili kimenipita urefu: miba mirefu iliyonyooka, majani yana meno pembeni na machanga ni mekundu. Vitunda bado vibichi.

Cha tatu kina maua ya waridi na manjano kwenye shada moja, vitunda vya kijani vinavyogeuka vyeusi.

Mzee wa Gede: Cha kwanza ni mkunazi, mwanangu. Geuza jani utaona mishipa mitatu yaanzia kwenye kikonyo kwenda nchani. Mti wa heri huo. Kukitokea msiba utabishiwa hodi, watu wataka majani ya kuoshea maiti. Ila usiuache ukutani. Mzizi wake hushuka chini sana, na ukiukata huchipua tena.

Kipusa: Cha tatu ni lantana, ng'oa na mizizi! Sugua jani, harufu kali itakwambia. Shina nalo lina pembe nne. Mbuzi akila majani yake ini huharibika, na akikaa juani ngozi humchubuka. Vitunda vibichi ni sumu.

BabaSaidi: Vile vyeusi tumevila utotoni na tuko hai.

Kipusa: Ami, heshima yako, lakini mtoto wa miaka mitatu atajua kuchagua cheusi na kuacha kibichi?

BabaSaidi: Hapo umenishika. Cha pili mbona hamkisemi? Naona ni mchongoma. Tazama shina lenyewe kama lina miba. Tunda likiiva huwa jekundu, kisha zambarau iliyokolea, na ndani lina mbegu kadhaa. Subiri lilainike, bichi lakausha mdomo. Kwa kawaida mchongoma huwa na mti dume na mti jike mbalimbali, na jike ndio uzaao; wako una vitunda, kwa hivyo umebahatika. Kwa ua wa kuzungushia nyumba, hakuna mwizi atakayepita.

Mzee wa Gede: Hata mimi nasema mchongoma, lakini watoto wasionje kwa maneno yetu ya hapa. Kata tawi lenye majani na vitunda, upeleke KEFRI, ile taasisi ya utafiti wa misitu, hapa Gede walitazame.

BintiMuyeye: Ahsanteni. Lantana ishang'olewa. Mkunazi naweza kuuhamisha?

Mzee wa Gede: Jaribu mvua ikinyesha, chimba kwa kina usikate mzizi mkuu. Mimi ningeng'oa huo na kupanda mbegu kwengine, kisha ukishika nikaubebesha, yaani nikaupandikizia kijitawi cha mkunazi wa kunazi kubwa. Kunazi za mwitu ni kokwa tupu.