Naomba ushauri: nina siku tatu Bangkok, nianzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nafuata mzigo wa nguo soko la Pratunam. Safari iliyopita nilirudi Dar na mabegi matatu, cha kusimulia sina. Mama watoto ananicheka mpaka leo. Siku pekee niliyojaribu kwenda hekaluni, dereva wa bajaji aliniambia limefungwa, akanizungusha kwenye maduka ya vito hadi jua likazama. Mimi, mtu wa Kariakoo, niliingizwa mjini kweupe!

Safari hii nataka nimwone yule Buddha aliyelala pale hekalu la Wat Pho, urefu wake mita 46. Kasri la Mfalme liko jirani, kaptula na mabega wazi hawataki. Je, asubuhi moja inatosha kote kuwili, au lile joto litanimaliza? Nafikiria kwenda kwa boti za mto Chao Phraya, bajaji sitaki tena kuzisikia.

Halafu msosi. Sili nguruwe, na mara ile niliishia wali na mayai karibu kila siku. Ukiacha ule mtaa wa Waarabu kule Nana, wapi pengine napata chakula halali? Na soko la Chatuchak Jumamosi, niwahi saa ngapi kabla hapajafurika?