Ukoo wa Bibi Tanga: kikohozi cha Baba Salma

Mama Salma: Asalaam aleikum. Naombeni ushauri. Baba Salma kikohozi hakimwachi tangu kabla ya Maulidi. Jana usiku shuka limelowa jasho, nimelianika asubuhi kama nililolifua.

Shangazi Mwanahamisi: Waleikum salaam. Vumbi la saruji hilo. Mpe tangawizi na asali.

Mama Salma: Tangawizi kanywa mpaka akiiona anakimbia 😅 Duka la dawa wakampa amoksilini, kamaliza, kikohozi kiko palepale.

Juma: Na suruali zinamvuka. Ijumaa msikitini mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari.

Rukia (nesi): Shikamooni. Mama Mdogo, kikohozi kikifika wiki 2 hakibahatishwi tena dukani, kinapimwa. Na hapo kuna jasho la usiku na kukonda. Homa za jioni je? Makohozi yana damu?

Mama Salma: Homa ipo. Damu sijui, anatemea hukohuko nje.

Shangazi Mwanahamisi: Rukia, unataka kusema TB? Kwetu hakuna. Hiyo ya wenye ngoma.

Rukia (nesi): Shangazi, TB inapita kwenye hewa, haiulizi ukoo. Mwenye VVU inamwangusha upesi zaidi, ndiyo maana ukipima TB watakushauri upime na VVU. Ila wengi wana TB na VVU hawana.

Baba Salma: Nawasoma tu. Mimi mzima. Jumatatu nina lenta ya kumwaga, nikienda huko wanilaze?

Juma: Kumbe Baba Mdogo yuko hewani 😂

Rukia (nesi): Halazwi mtu kwa kupimwa, Baba Mdogo. Unaenda kituo cha afya cha serikali, kipimo bure, na dawa pia bure. Watakupa kikopo cha makohozi. Sasa hapa ndipo watu wanapokosea: wanatema mate. Mate hayana kazi. Sukutua kwa maji matupu, toka nje penye upepo, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kifuani. Kinachotoka kizito, chenye utelezi, ndicho hicho. Ya alfajiri kabla ya chai ndiyo mazuri zaidi. Funga kifuniko, nawa mikono.

Mama Salma: Majibu yanachukua muda?

Rukia (nesi): Mashine ya kupima makohozi yenyewe haifikishi masaa 2, foleni ndiyo tatizo. Inaonyesha hapohapo kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Wakiona haja wanaongeza picha ya kifua.

Juma: Na wale panya wa Morogoro?

Rukia (nesi): Panya buku wa APOPO, shirika linalowafundisha kunusa, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo. Wanarudia kunusa makohozi yaliyokwishapimwa kliniki, sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Wakishtuka, maabara inathibitisha. Wamewaibua wagonjwa ambao hadubini iliwapita.

Shangazi Mwanahamisi: Panya! Audhubillahi.

Mama Salma: Mimi nimeshamtengea sahani na kikombe.

Rukia (nesi): Virudishe kabatini, TB haikai kwenye sahani. Fungua madirisha, akikohoa azibe mdomo kwa kitambaa, na mtoto Mahadhi asilale chumba cha Baba Mdogo kwanza. Ikithibitika, nyumba nzima mnachunguzwa. Mtoto wa miaka 3 kutoa makohozi ni shida, siku hizi wanaweza kupima hata kinyesi. Akionekana hana ugonjwa, anapewa dawa za kinga.

Baba Salma: Na nikikutwa nayo, dawa miezi mingapi?

Rukia (nesi): TB ya kawaida miezi 6. Mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa, usishtuke.

Baba Salma: Sasa lenta?

Juma: Lenta nasimamia mimi, fundi msaidizi namjua. Jumatatu saa 1 nakutumia bodaboda mlangoni.

Shangazi Mwanahamisi: Bodaboda na kikohozi hicho? Tuma bajaji. Nalipa mimi.

Mama Salma: Ahsante wifi. Rukia, barakoa avae?

Rukia (nesi): Avae. Na akifika asikae foleni ya jumla, aseme mapema mlangoni kwamba anakohoa.

Baba Salma: Haya. Juma, nondo zihesabu kabla hawajaanza kumwaga.