Faiba hukwama kila jioni na simu hukatika chumbani: nianze kuchunguza wapi?

MkaziWaTabata

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa kwa matofali ya saruji. Ruta iko sebuleni chini, nyuma ya kabati la televisheni, kwa kuwa hapo ndipo mafundi walipoingizia waya wa faiba. Ninalipia kifurushi cha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde). Mchana sina malalamiko, lakini kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku video hukwama, na binti yangu anayesoma kwa njia ya mtandao hutolewa darasani mara mbili au tatu katika kipindi kimoja. Zaidi ya hayo, karibu kila wiki intaneti hukatika kabisa kwa dakika kumi au ishirini, kisha ikarudi yenyewe. Simu nazo zina shida: nikiwa chumbani juu, mazungumzo hukatika katikati ingawa vijiti viwili vya mtandao vinaonekana. Nimewapigia huduma kwa wateja mara nne, na kila mara nimeambiwa nizime ruta kisha niiwashe. Kabla sijatumia fedha kununua ruta mpya, naomba mnisaidie kujua kama tatizo ni la kampuni, la nyumba au la vifaa vyangu.

FundiNyaya

Ndugu Mkazi, pole sana, hasa kwa masomo ya binti. Ruta usinunue kwanza. Umeeleza matatizo matatu, na sidhani kama yote yana chanzo kimoja, ndiyo maana ushauri wa kuzima na kuwasha haukufikishi popote.

Leo saa mbili usiku, wakati hali ni mbaya, chukua kompyuta mpakato na uiunganishe na ruta kwa waya, huku ukizima waifai ya kompyuta hiyo. Pima kasi. Kisha tumia amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi, kwanza kwa anwani ya ruta yenyewe, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 na huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, halafu kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Ukimaliza, panda chumbani urudie vipimo hivyo hivyo kwa waifai. Kwa waya, ruta inapaswa kujibu ndani ya milisekunde moja au mbili. Ukiwa chumbani, ikiwa ruta iliyomo ndani ya nyumba yako inachukua milisekunde mia kadhaa kujibu, hapo kampuni haihusiki, kwa sababu data yako haijatoka hata mlangoni. Lakini ikiwa kwa waya ruta inajibu upesi na 8.8.8.8 ndiyo inayochelewa au kupotea, una haki ya kuwadai maelezo.

Kuhusu kukatika kabisa, siku itakapotokea usiguse kitu. Tazama taa kwanza. Taa ya LOS (ya kuonyesha kupotea kwa mawimbi) ikiwa nyekundu, maana yake mwanga wa faiba haukifikii kifaa chako, na hata ukikizima mara kumi haitasaidia. Tafadhali usichomoe kiunganishi cha waya wa faiba ili kuchungulia ndani, kwani mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru, na ncha yake ikiguswa kwa kidole huchafuka.

MamaWawili

Kaka, mimi niseme juu ya simu, maana nilihangaika nayo mwaka mzima. Jaribu kupiga ukiwa barazani, kisha ukiwa chumbani, kwa laini ile ile. Ikiwa nje mazungumzo hayakatiki, basi mnara hauna kosa, bali zege lenye nondo na paa la bati ndivyo vinavyopunguza nguvu ya mawimbi. Jambo la pili, ambalo sikulijua hadi nilipoelezwa, ni kwamba simu nyingi zilizo kwenye 4G hushuka hadi 3G au 2G mara tu unapopiga, ikiwa huduma ya VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G yenyewe, haijawashwa. Kwa hiyo vijiti unavyoviona kabla ya kupiga vinaweza kuwa vya mtandao mmoja, na mazungumzo yakaenda kwenye mwingine ulio dhaifu pale chumbani. Fungua mipangilio ya laini uone kama VoLTE ipo na imewashwa, na uwaulize watoa huduma wako kama wanaitoa kwa aina ya simu yako.

MkaziWaTabata

Nawashukuru nyote. Nimepima kwa siku tatu. Kwa waya, saa mbili usiku, kasi ilikuwa Mbps 19 siku zote tatu, na ruta ilijibu kwa milisekunde 1. Chumbani kwa waifai kasi ilishuka hadi Mbps 2, na ruta hiyo hiyo ilijibu kwa milisekunde 380, wakati mwingine isijibu kabisa. Nakiri kwamba nimewalaumu watu wa kampuni bila haki katika hili. Hata hivyo, jana intaneti ilikatika saa tano asubuhi na taa ya LOS iliwaka nyekundu kwa dakika kumi na nne. Nilipovuta kabati nikakuta waya wa faiba umebanwa ukutani na kukunjwa karibu kama karatasi.

FundiNyaya

Umefanya kazi nzuri kuliko baadhi ya mafundi wanaolipwa. Faiba ni kioo. Ikikunjwa sana mwanga huvuja pale kwenye kona, na kabati likisukumwa kidogo tu mawasiliano yanapotea. Usiinyooshe kwa nguvu. Waite kampuni, waombe wapime nguvu ya mwanga inayofika kwenye kifaa, na uwaombe wakutajie namba yenyewe. Kwa mitambo mingi ya majumbani inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, mwanga ni hafifu zaidi), na ikishuka chini ya -27 kifaa huanza kupoteza mawasiliano.

Waifai yako inaumia jioni kwa sababu majirani wote wamerudi nyumbani na ruta zao zinashindana hewani na yako. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika mtaa uliobanana kama wako zote hujaa. Chagua iliyo na watu wachache, na upana wa chaneli uweke MHz 20, kwani 40 hukuingiza kwenye eneo la jirani. Masafa ya 5 GHz yana nafasi kubwa zaidi lakini hayapenyi zege vizuri, kwa hiyo yatakufaa sebuleni tu. Kwa chumbani, ushauri wangu ni kuvuta waya wa mtandao hadi juu na kufunga kituo cha pili cha waifai huko. Vile vikuza mawimbi vya kuchomeka kwenye soketi sivipendi: vingi hupokea na kurusha kwa redio moja, hivyo kasi hupungua takriban nusu.

MtuWaMkongo

Naongeza moja. Vipimo vyote vya nyumbani vikiwa safi na tovuti za nje tu ndizo zisizofunguka, huenda tatizo liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilipokatika, watu wengi hapa nchini walishinda wakizima na kuwasha ruta ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

MkaziWaTabata

Mafundi walikuja leo. Kipimo cha kwanza kilikuwa -28.4 dBm, wamebadilisha kipande cha waya kuanzia ukutani, sasa ni -20.1, na kabati limehamia upande wa pili wa sebule. Waya wa kwenda ghorofani umetumia mita 18. VoLTE ilikuwa imezimwa kwenye simu yangu, nimeiwasha, na jioni hii nimezungumza na mama yangu aliyeko Songea nikiwa kitandani, dakika thelathini na tano bila kukatika. Binti yuko darasani wakati ninaandika haya.