Tupeane uzoefu: waliowahi kufuga kalunguyeye nyumbani

Mzawa wa Manyoni
Wakuu, habari za jioni. Mvua za kwanza zimeanza huku, kumbikumbi wametoka. Jana usiku mbwa walibweka mpaka nikatoka na tochi. Chini ya mwarobaini nikamkuta kalunguyeye kajikunja, miiba yote nje, na mbwa mmoja pua inavuja damu. Nikamkumbuka yule tuliyekuwa naye utotoni, alikuwa analala mchana kutwa ndani ya buti la mvua la mzee. Sasa wanangu wamemganda, wanataka abaki. Waliowahi kuishi naye mwageni uzoefu: anakula nini, alale wapi, na shida zake ni zipi?

Fundi Redio
Buti la mzee! Wa kwetu alihamia kwenye kapu la mkaa na hakutoka tena. Nipo hapa, nasoma.

Mama Chausiku
Mpe maziwa tu baba, kisahani kimoja kila jioni. Sisi Singida tuliwapa maziwa ya ng'ombe miaka yote na waliishi.

Msomi wa Mifugo
Shikamoo mama. Hapo kwenye maziwa naomba nikupinge kwa heshima. Tumbo la kalunguyeye haliyawezi maziwa, anaharisha, na mnyama mwenye gramu mia tatu au mia nne hana maji ya kupoteza. Mwekee maji safi kwenye kisahani kifupi, kizito, asichoweza kukipindua.

Chakula chake ni wadudu: nyenje, mchwa, kumbikumbi, jongoo, konokono. Ukikosa, yai la kuchemsha au kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, au chakula kikavu cha paka. Mpe jioni, kwa sababu ni mnyama wa usiku, na mpe kidogo. Akinenepa sana anashindwa hata kujikunja, na kujikunja ndiyo silaha yake.

Mama Chausiku
Marahaba mwanangu. Elimu yako naiheshimu, lakini wa kwetu alizaa kabisa akiwa anakunywa maziwa hayo hayo.

Msomi wa Mifugo
Mama, huyo wenu alikuwa anatoka usiku anajilia wadudu shambani. Wadudu ndio waliomlea.

Fundi Redio
Mzawa, mwachie jikoni. Mende watahama wenyewe bila notisi.

Msomi wa Mifugo
Fundi unatania, ila kuna mtu atafanya kweli. Nyumba nyingi za mjini zinapuliziwa dawa ya mende. Mende aliyekula dawa akiliwa na kalunguyeye, sumu inahamia kwake. Kama umepuliza ndani, au jirani mnayepakana ukuta kapuliza, usimwachie awinde humo.

Mafinga Baridi
Uzi huu umenigusa pabaya, acheni niandike yote.

Wetu aliletwa na shemeji yangu, dereva wa lori, kutoka Dodoma. Watoto wakamwita Sindano. Binti yangu wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa anamlisha na kumsafishia boksi. Ikaingia Julai, na wa Mafinga wenzangu mnaijua Julai yetu, kuna asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani.

Asubuhi moja binti akaja jikoni, mdomo unafunguka na sauti haitoki. Nikaenda kwenye boksi. Sindano kajikunja nusu, uso uko nje, tumbo baridi kama jiwe la mtoni. Nikamvuta mguu wa nyuma, hakuurudisha. Mume wangu akasema huyu ameshakufa, akaenda kuchukua jembe. Binti akalikumbatia lile boksi, akakaa nalo sakafuni, akakataa katakata kulitoa.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alichukua kioo changu kidogo cha poda, akakifuta kwa khanga, akakisogeza kwenye pua ya Sindano. Tukatulia wote. Kioo kikabaki kikavu, bila ukungu. Baadaye, pembeni kabisa, ukatokea ukungu mdogo usiozidi ukubwa wa punje ya mchele. Ukapotea. Ukatokea tena. Mama mkwe akasema, "Rudisha jembe."

Nikamfunga kwa kitenge, nikamweka juu ya tumbo langu chini ya sweta, na pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Nikakaa muda mrefu sana bila kuhisi chochote, chai ikapoa, watoto wakachelewa shule na sikujali. Halafu akaanza kutetemeka. Miiba ikaanza kunichoma mmoja mmoja, na kila uliponichoma nilishukuru. Alipotoka alitembea akipepesuka, akanywa maji, akalala. Nililia mbele ya watoto.

Kwa hiyo nawaambia wa Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto: baridi. Baridi ndiyo adui.

Kijana wa Kitengela
Pole sana dada. Hapo kwa kioo nimeshindwa kuendelea, nikarudi kusoma tena.

Msomi wa Mifugo
Mama mkwe apewe kiti cha mbele. Kalunguyeye wa kwetu si sawa na wa Ulaya. Wa Ulaya analala msimu mzima wa baridi na mwili wake umejiandaa kwa hilo. Wetu anataka joto la nyuzi 24 hadi 29. Likishuka chini ya 18 hivi mwili unaanza kujizima, na akiachwa katika hali hiyo anaweza asiamke. Mpashe joto taratibu kama alivyofanya dada. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimweke juu ya jiko.

Mbeba Boksi Minnesota
Nathibitisha. Hapa nje kuna theluji, wangu yuko ndani ana kifaa cha joto na kipimajoto. Nilimnunua kwa mfugaji kihalali, na ni jamii ile ile ya kwetu, mwenye vidole vinne miguu ya nyuma. Mababu zao walitolewa Afrika, kisha Marekani ikazuia kuwaingiza kutoka huko mwaka 1991 kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Sasa wanazalishwa hapa hapa. Ila si kila jimbo linaruhusu, California na Hawaii ni marufuku. Nyongeza: mpe gurudumu la kukimbilia lenye uso mzima, lisiwe la nondo, miguu inanasa. Usiku anakimbia bila kuchoka.

Kijana wa Kitengela
Umegusa sheria, na mimi hapo ndipo nilikuwa naelekea. Kenya kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huwezi kuweka mnyamapori nyumbani bila kibali, hata awe mdogo namna gani. Tanzania nanyi mna yenu ya 2009. Hapa tunafundishana kuvunja sheria na hakuna anayesema.

Fundi Redio
Kwa hiyo tuwaachie mbwa wamle ndipo sheria ifurahi?

Kijana wa Kitengela
Sijasema hivyo, usiniwekee maneno mdomoni. Kumwokoa kwa mbwa ni sawa. Kumgeuza kitu cha watoto kuchezea ndio sikubali. Wale wa porini wana maeneo yao usiku, wanatembea mbali. Unamfungia kwa boksi la sabuni, ni maisha gani hayo?

Fundi Redio
Boksi la sabuni lina usalama kuliko barabara ya lami. Nenda kahesabu waliokanyagwa, kisha urudi hapa.

Dada Nkuhungu
Nyie mnagombea sheria, mimi mnyama huyu alitaka kunitoa roho.

Nilikuwa nimepanga chumba Nkuhungu, Dodoma, nyumba ya wapangaji wengi, choo cha pamoja. Kalunguyeye wangu nilimwokota na jeraha la mguu, anaishi chini ya kitanda mpaka apone. Usiku anapuliza na kukoroma, na jirani wa ukuta anajua naishi peke yangu. Siku moja joto kali, nikauacha mlango wazi kidogo. Jirani akaja kuomba kiberiti, akachungulia. Kalunguyeye yuko katikati ya chumba, ametafuna ulimi wa kiatu changu kipya cha ngozi, povu jeupe limemjaa mdomoni, shingo ameigeuza nyuma kabisa, anajipaka lile povu kwenye miiba ya mgongo. Yowe alilopiga jirani lilisikika barabarani.

Ngoja nimpakulie mtoto, narudi.

Mzawa wa Manyoni
Dada usitufanyie hivyo.

Fundi Redio
Mtoto ale haraka jamani.

Msomi wa Mifugo
Wakati tunasubiri: kujipaka povu ni tabia yake ya kawaida. Akikutana na harufu kali au ngeni anaitafuna, anatoa povu, anajipaka. Si kichaa cha mbwa. Wengi wanauawa kwa kudhaniwa hivyo.

Dada Nkuhungu
Nimerudi. Wapangaji wote wakajaa uani. Mmoja kashika mchi, mwingine chupa ya mafuta ya taa. Wanasema nafuga jini, na ndiyo sababu mtoto wa chumba cha nne anaumwa kila mara. Nikasimama mlangoni, nikawaambia hapiti mtu. Mikono inatetemeka, nikampigia mjumbe.

Mjumbe ni mzee wa Kigogo. Alikuja na tochi, akaingia, akainama, akasema: "Huyu si kalunguyeye? Mmeacha kulala kwa ajili ya kalunguyeye?" Akavuta stuli, akakaa, akawaita watoto wasogee, wakangoja wote kimya mpaka pua ikachomoza. Kisha akamwambia yule wa mafuta ya taa akayatie kwenye taa yake.

Mtoto wa chumba cha nne alipelekwa zahanati kesho yake, akakutwa na malaria. Kitu kinachoniuma hadi leo ni kwamba ningekuwa kazini usiku ule, wangemchoma akiwa hai.

Mama Chausiku
Mungu amlinde huyo mjumbe. Na wapo wanaotafuta miiba na ngozi yake kwa dawa. Mtu akibisha hodi kuuliza bei, mwambie hayupo, na funga mlango.

Kijana wa Kitengela
Dada hongera kwa kusimama mlangoni. Ulimrudisha porini mguu ulipopona?

Dada Nkuhungu
Ndiyo, nilimpeleka kwa shangazi shambani, nje ya mji, jioni. Hakugeuka nyuma.

Mzawa wa Manyoni
Nimewasikia wote. Nimeongea na wanangu, atakaa mpaka nijue kama mbwa walimuumiza, kisha kesho nampigia afisa wanyamapori wa wilaya aniambie utaratibu. Lakini nimemwangalia vizuri mchana huu: ana kupe nyuma ya masikio, na kati ya miiba kuna ungaunga mweupe, miiba mingine inadondoka. Jirani ananipa ivermectin, dawa ya kuua kupe na minyoo ya ng'ombe wake, nimchome. Nikubali?

Msomi wa Mifugo
Usikubali. Huo ungaunga huenda ni utitiri, na dawa inaweza kuwa hiyo hiyo, lakini kipimo ni kwa uzito. Kiasi cha ng'ombe kitamuua. Mpime kwenye mzani wa jikoni, andika gramu, mpeleke kwa daktari wa mifugo na hayo maandishi. Kupe watoe kwa kibano, polepole, kichwa kisibaki. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, anaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na anaweza kuwaambukiza choa.

Mzawa wa Manyoni
Nimempima. Gramu 410. Natafuta kibano.