ATI "NIMEUPENDEZESHA"!! Huyu jamaa wa kompyuta atanitia wazimu

Salamu baadaye, mkono bado watetemeka. Mwamjua, sina haja ya kumtaja, yule bingwa wa kupanga kurasa ambaye nusu ya Mombasa ishamlilia. Nimempa mchoro wa nyumba ya mteja wangu wa Kisauni, PDF safi kutoka AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani, karatasi ya A3, skeli 1:100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya nyumba, nikamwambia kwa mdomo huu, shekhe, ukiuingiza kwenye InDesign, hiyo programu yako ya kupangia kurasa, bofya mara moja tu, usiburute ukaubadilisha ukubwa, ushuke na asilimia 100 yake. "Nshakuelewa." Kumbe alikuwa afikiria biriani.

Leo asubuhi nafika kwa mteja, kitabu chenye mchoro kimejalidiwa, kahawa imemiminwa, na mzee mwenyewe maisha yake yote ni seremala wa majahazi. Akavaa miwani. Akatoa rula mfukoni. RULA wallahi, nani atembea na rula ndani ya kanzu?? Akailaza kwenye chumba chake cha kulala, mita 4, yaani milimita 40. Ikasoma 31. Akapima tena, 31. Akanitazama juu ya miwani: "Mwanangu, kitanda changu kitalala barazani?" Na chini pameandikwa 1:100 kwa herufi nene kama kiapo.

Nikarudi nimewaka kama jiko la mahamri. Jamaa ataka kunishinda, abofya fremu, lile sanduku la nje linaloshika mchoro, na mshale mweusi, "si waona 100% hii?" Nikampokonya mausi, nikashika mshale mweupe, nikabofya mchoro wenyewe mle ndani. 78%!! Ndo akaniambia bila kupepesa, "Ah, ulijaa sana, nimeupendezesha." NIMEUPENDEZESHA. Chumba cha mtu kimekonda karibu mita nzima, mlango wa sentimita 90 umekuwa 70, ukila futari vizuri hupiti, na yeye AMEUPENDEZESHA. Na ile rula jamani. Nikifumba macho naiona ile rula.

Kidau77: Rula ndani ya kanzu 😂😂😂 huyo mzee apewe kazi kaunti

BintiTudor: Kaka na wewe una kosa. Ule mstari wa kipimo, mita 0 hadi 5, uliuweka? Ungekonda pamoja na mchoro, mzee angepimia huo. Kuandika 1:100 peke yake ni kujitafutia balaa.

Mwenye uzi: Niliuweka!! Akaufuta, ati wachafua ukurasa.

Kidau77: kaupendezesha 😂

TingoYaLikoni: Afadhali wewe. Wangu ulikuwa sawa mpaka kwa printa, kijana akaacha imewashwa ile ya kuubana mchoro utoshe karatasi, ukasinyaa wote. Mwingine katoa A1 yangu kwa A3 akasema bado ni 1:100, na A3 ni nusu ya A1 kwa urefu na upana, ni 1:200! Tulibishana mpaka adhana.

Mahamri_Moto: Nyote mwalilia milimita. Mie fundi kanikalisha nusu saa na futi yake shingoni, kanzu ya harusi ya ndugu yangu ikaja MAGOTINI. Nimesimama safu ya mbele kama nimevaa shati la baba.

TingoYaLikoni: Fundi huyo ana jino la dhahabu?

Mahamri_Moto: Huyo huyo!!!

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mchoro

BintiTudor: Subiri kaka. Mahamri, pesa yako alirudisha?