Mwajiri amenizungusha miaka 6: viza inakwisha, ombi la ukaazi wa kudumu halijapelekwa

Ndugu wanajamvi,

Tarehe 30 Septemba 2025 viza yangu ya H-1B, yaani viza ya kazi ya muda inayoombwa na mwajiri, inatimiza miaka 6 hapa Marekani, na ombi la ukaazi wa kudumu ambalo mwajiri wangu aliniahidi siku ya usaili halijapelekwa popote. Sikuchelewesha nyaraka, sikugombana na mtu. Nilisubiri kama nilivyoagizwa, na kusubiri huko ndiko kulikoniponza.

Kwa wasioufahamu utaratibu huu, H-1B hutolewa kwa miaka 3, huongezwa mingine 3, kisha mtu hana budi kukaa nje ya nchi mwaka mzima kabla ya kuanza upya. Ili avuke hapo, mwajiri awe amepeleka Wizara ya Kazi ombi la cheti kiitwacho PERM, cha kuthibitisha kwamba hakupatikana Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo, siku 365 kabla ya kikomo hicho, au ombi linalofuata, I-140, la mwajiri kumwombea mfanyakazi ukaazi wa kudumu, liwe limeshaidhinishwa. PERM mfanyakazi haruhusiwi kujiombea. Siku zinazohesabiwa ni zangu, kalamu anayo mwajiri.

Mwaka wa kwanza niliambiwa nimalize kwanza kipindi cha majaribio. Wa pili meneja alibadilishwa, na huyo mpya akadai hajui lolote kuhusu ahadi hiyo. Wa tatu ikawa bajeti. Wa nne ndipo walipoiomba Wizara ya Kazi iwapangie kima cha mshahara wa nafasi yangu, hatua ambayo peke yake hula miezi. Hatimaye, Agosti 2024, nafasi ikatangazwa gazetini Jumapili mbili kama kanuni zinavyotaka, na karatasi ikabandikwa jikoni mwa ofisi, kando ya mashine ya kahawa, ikae hapo siku 10 za kazi. Haikuwa na jina langu, ila ilitaja cheo na mshahara, na mwenye cheo hicho ofisini kwetu ni mimi peke yangu. Wenzangu waliusoma mshahara wangu huku wakingoja vikombe vyao vijae. Nilivumilia. Siku ya tisa kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi, na kabla ya saa sita mchana karatasi ilikuwa imebanduliwa.

Sababu waliyonipa ni ya kweli: mwajiri aliyepunguza watu wa fani hiyo katika miezi 6 iliyotangulia hutakiwa kuwaarifu na kuwafikiria hao kwa nafasi anayoiombea cheti. Silalamikii kanuni hiyo, na waliopunguzwa wana haki yao. Ninacholalamikia ni miaka 4 na ushee iliyochezewa kabla ya hapo, wakati hapakuwa na kizuizi chochote isipokuwa uzembe. Septemba 2024 ikapita, na zile siku 365 zikaanza kuliwa.

Mke wangu ana shahada ya uhasibu na hajafanya kazi hata siku moja tangu tufike, kwa kuwa kibali cha kazi cha mwenye viza ya H-4, ile ya mwenzi wa mwenye H-1B, hutegemea maombi yangu haya haya yafike hatua ambayo hayajawahi kuikaribia. Wakili, ambaye kwa ujinga wangu nilidhani ni wetu sote, alinijibu kwa mistari miwili kwamba mteja wake ni kampuni. Nikihamia kwa mwajiri mwingine hesabu ya miaka 6 haianzi upya, na bila I-140 iliyoidhinishwa sina hata nafasi ya kuhama nayo kwenye foleni ya ukaazi wa kudumu.

Wiki iliyopita ofisi ya rasilimali watu iliniita kunipa kile ilichokiita habari njema: siku nilizokuwa nje ya Marekani hufidiwa mwishoni mwa viza. Wamezihesabu, ni 23. Ni zile nilizokwenda kumzika baba.

Aliyewahi kupata mwajiri mpya akiwa amebakiza chini ya mwaka mmoja, na mwajiri huyo akakubali kuanzisha PERM huku yeye akifanya kazi kutoka nje ya nchi, naomba anieleze aliwekewa masharti gani na kama yaliandikwa kwenye mkataba.