Mzee kasubiri kitanda ambacho hakukihitaji!! Ngiri inalazwa siku sita, jicho unarudi nyumbani jioni, kwa nini?

Wakuu nimevumilia sana ila leo naongea.

Mzee wangu ana miaka 58, hana presha hana sukari, ana ngiri ya kinena, ile ya kawaida inayotoka na kurudi, haijajibana. Kapangiwa upasuaji, tumefika asubuhi mzee hajala tangu jana, tunaambiwa wodi imejaa njooni wiki ijayo. Wiki ijayo tumeenda, yaleyale. Mara ya tatu ndo kapata kitanda, tena mzungu wa nne na mgonjwa mwingine, kapasuliwa siku ya tatu halafu kalala tatu zingine. Mama kalala koridoni juu ya kanga siku zote hizo, sisi tunapishana na hotpoti na nguo za kufua, genge limefungwa.

Operesheni yenyewe haikumaliza lisaa. Ganzi ya mgongo, jioni miguu imerudi, kakojoa mwenyewe, kanywa uji haukurudi, maumivu vidonge vimetosha. Sasa kilichobaki wodini ni nini? Nimeuliza nesi, kasema hawezi kumruhusu mpaka raundi ya bingwa, na raundi ni Alhamisi!

Shemeji yangu yuko Dar, ngiri hiyohiyo, kaingia saa moja asubuhi, saa kumi na mbili jioni yuko sebuleni kwake anaangalia taarifa ya habari.

Na msiniambie ni shida ya mkoani, maana mama mwaka juzi katolewa mtoto wa jicho HAPOHAPO, jengo la pili tu kutoka wodi ya mzee, karudi nyumbani siku ileile na bandeji yake, kesho yake kaenda kufunguliwa. Watu wa macho wamejipanga, wanapasua foleni nzima kwa siku moja na hakuna anayelala. Watu wa upasuaji wa kawaida ukiwauliza wanakwambia ndo utaratibu wetu. Utaratibu wa nani? Daktari James Nicoll wa Glasgow aliandika mwaka 1909 kwamba kafanya operesheni 8,988 kwa watoto, ngiri zikiwemo, na wakarudi na mama zao siku hiyohiyo. 1909 jamani!

Najua kuna watakaosema usalama, na kweli, mtu anayetoka kijijini masaa manne kwenye barabara mbovu, hana simu, hana wa kumwangalia usiku, huyo mlazeni, damu ikitoka usiku atafikaje? Mwenye presha iliyopanda mlazeni pia. Lakini sisi tunakaa bodaboda ya buku kutoka getini, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mzee anakaa wapi na anakaa na nani. Hawaangalii mgonjwa, wanaangalia kaja idara gani. Na kila kitanda anacholalia mtu mzima wa afya siku tatu kusubiri raundi, kuna mwenye utumbo uliojifunga yuko sakafuni.

Walioko thieta za mikoani naombeni jibu la kweli, nani anaamua haya? Daktari, mganga mfawidhi, au ni mazoea tu? Maana mdogo wangu ana uvimbe wa mafuta mgongoni, mdogo kama limao, juzi kaandikiwa kulazwa tarehe 14, kitanda kikipatikana.